Mama Mkwe, Kiirua Tumezima Taa

Mama mkwe wangu mpendwa,

Najua umeshtuka. Mkwe hamwandikii mama mkwe barua, tena ya kusomwa na watu wote, tena ya kuanza na neno mpendwa. Lakini wewe uko huko ulipo, mimi niko hapa Kiirua ndani ya kabuti langu, na simwoni mzee wa kunitoza mbuzi. Kagendo, binti yako, amesoma mistari hii juu ya bega langu akasema, "Baba Mutuma, hata waliokufa huwapi nafasi?" Nimemwambia aende akaangalie chai, isije ikamwagika. Kuna habari, mama, na usipoisikia kwangu utaisikia kwa Karambu wa kanisani siku akija huko, na huyo ataiharibu.

Habari ni hii: tumeshinda. Jumamosi iliyopita Kiirua nzima ilizima taa zake, kanisa na soko na maduka, watu wakalala chali kwenye majani wakitazama nyota kama watoto. Na wewe, usijifanye huhusiki. Mkono wako ulikuwa ndani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikimbiana? Desturi ilisema mtu na mama mkwe wake wasitazamane usoni, wasile pamoja, wasishikane mkono. Siku ile ulikuwa unatoka mtoni, mimi natoka sokoni, tukakutana pale njia inapobana. Wewe ukaruka kushoto ndani ya viazi vya watu, mimi nikaruka kulia ndani ya miiba. Mtungi wako haukumwaga hata tone. Mimi nilichomolewa miiba na binti yako wiki nzima, na hakuwa akiichomoa polepole.

Kisha ikaja jioni ya ng'ombe. Baba mkwe alikuwa amelazwa hospitali, yule ng'ombe wenu mwekundu akashikwa na uchungu wa kuzaa, nikatumwa nije kusaidia. Ulisimama nje ya boma umenipa mgongo, mkono umeurudisha nyuma unanishikia taa ya mafuta, kama mtu anayempa mwizi chakula. Upepo ukaizima. Nikabaki na ng'ombe anayepumua gizani. Halafu nikasikia sauti yako, mara ya kwanza ukinisemesha bila mtu wa katikati:

"Mkwe, sasa ni nani ataapa kwamba nilikutazama?"

Tulicheka mpaka ng'ombe akazaa.

Tangu hapo kila nikija kwenu nilingoja jua lizame. Wewe kwenye kigoda upande mmoja wa ghala, mimi kwenye gunia upande wa pili, wote vichwa juu. Hakuna aliyemkosea mwenzake adabu, maana macho yetu yalikuwa mbinguni. Na hapo ndipo nilipogundua, mama, kwamba ulikuwa na mdomo. Ukiwa kanisani ulikuwa mpole kama uji. Gizani ulinitajia nyota moja moja. Kilimia, ulisema, ni wanawake wa kanisa wamejikusanya wanamteta mwenzao aliyechelewa. Zile tatu zilizojipanga mstari ni wazee wa kamati wakienda kula mbuzi wa mtu. Ile nyekundu ni pua ya mwalimu wa dini akitoka harusini. Na ile inayowaka kuliko zote?

"Hiyo ni naibu wa chifu," ulisema. "Haina kazi, lakini lazima ionekane."

Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini kwa habari ya mbinguni nilisoma mpaka chuo kikuu, na mwalimu wangu ni wewe.

Ukaenda. Stima ikaja. Wakatuwekea pale sokoni ile taa ndefu wanayoiita mulika mwizi, ambayo humulika kila kitu isipokuwa mwizi. Kanisa nalo likaweka yake, kila boma likatundika sola mlangoni. Nyota zikapotea moja moja, na hakuna aliyeziulizia. Hata mimi sikuuliza. Nilikuwa nimezama kwenye televisheni.

Halafu mjukuu wako Mutuma akaoa. Alitafuta mke mpaka nchi ikaisha, akampata baharini: Mgiriama, anaitwa Kadzo. Mutuma ana kazi ya ofisi Embu mjini, amepanga nyumba mtaa wa Dallas (jina lisikutishe, hakuna Mmarekani hata mmoja). Kadzo akapata kazi ya ualimu hapa kwetu, kwa hiyo anaishi nasi na mtoto wao Neema, na bwana huja mwisho wa mwezi kama mshahara.

Msichana mzuri, mama. Lakini watu wetu unawajua. Akipita sokoni, "yule wa Pwani." Mtoto wa mtu akiugua tumbo, wanaulizana kama majini hupanda mlima. Karambu, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, alikuwa akimsalimia kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima kama pasi ina moto. Miaka mitatu, na hakuna mwanamke aliyekuja kukaa jikoni kwetu kwa ajili yake.

Mwaka jana wazazi wake walitualika kwao. Kila mwaka, mwezi ukiwa haupo, kijiji chao kizima hukubaliana kuzima taa, mpaka hoteli za ufuoni. Wanatandika mikeka mchangani, wanapika, wanapiga ngoma, wazee wanawatajia watoto nyota zilizokuwa zikiwaongoza wavuvi. Nilienda na kabuti langu. Joto! Nilichemka kama kiazi lakini sikulivua, kwa sababu shati la ndani lilikuwa na siri zake. Nilipoamkia watu, mjomba wa Kadzo akasema, "Baba, hata Kiswahili chako kimevaa kabuti." Binti yako alisimama mbele ya bahari akatikisa kichwa: "Maji yote haya, na hakuna mtu anamwagilia hata sukuma wiki."

Lakini taa zilipozimwa, mama! Zilishuka zote. Kilimia, wazee wa kamati, pua ya mwalimu wa dini. Nilizisalimia kwa majina. Na kando yangu gizani nikasikia mtu anacheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, nikauliza, "Nani huyo?" Kagendo akaniambia ni Kadzo. Nilikuwa nimeishi na huyo msichana nyumba moja na sikuwa najua kicheko chake.

Tuliporudi akanijia nikipanga mbegu za viazi. "Baba, nataka tufanye hivi Kiirua. Usiku mmoja tu. Watu wakikataa nitakuwa nimeelewa, nitamchukua Neema tukaishi Dallas na baba yake." Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya, mimi nimeolewa na hasira ya binti yako miaka mingi. Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Nikatazama vile viatu vidogo vya Neema mlangoni, nikavaa kofia, nikatoka.

Nilianza kwa naibu wa chifu. Wa sasa ni kijana, ana tumbo la mzee. Akaniambia, "Mzee, nikizima mulika mwizi, wezi je?"

"Wezi wote wa hapa nawajua," nikamwambia. "Nitawaketisha mstari wa mbele."

Alijaribu kutocheka akashindwa, na mtu akishacheka nawe hawezi tena kukunyima ufunguo wa kisanduku cha taa.

Karambu ndiye alikuwa mlima. Nilimkuta akipepeta maharagwe. Hakuinua hata uso. "Baba Mutuma, giza ni la shetani. Huyo mtoto wa Pwani anataka kutupeleka wapi?"

"Mama Karambu, Mungu alitengeneza usiku kabla ya balbu. Na wale mamajusi walifuata nyota. Kama kungekuwa na mulika mwizi wangeishia kwa naibu wa chifu."

"Usinichezee na Biblia."

Basi nikaacha Biblia, nikachukua silaha nyingine. Nikapumua kama mtu aliyeshindwa, nikasema haidhuru, maana wanawake wa kanisa lile la ng'ambo ya mto wamekwisha kubali, na wameomba wapike wao. Ungo ukasimama hewani.

"Wale? Wapike nini? Mukimo wao, hivyo viazi vyao vya kuponda, si ni wa kupaka ukuta?"

"Mimi sijui, mama. Mimi ni mjumbe."

Kutoka hapo nikavuka mto nikawaambia wale wa ng'ambo kwamba Karambu amekwisha kubali na anasema wao hawawezi kupika. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Kagendo akauliza nimefanya nini. Nikamwambia nimehubiri.

Jumamosi ikafika. Watu wakajaa uwanja wa shule na mablanketi na sufuria, makanisa mawili yakishindana kwa mukimo kama timu za mpira. Saa moja na nusu naibu akafungua kisanduku chake. Mulika mwizi ikafa. Kanisa likazima, maduka yakazima, sola za maboma mpaka kule bondeni, moja baada ya nyingine. Tukainua nyuso.

Hakuna kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukatufunika kama kifuniko cha sufuria.

Kisha kikohozi cha Karambu. Mtoto akaanza kulia, mtu akasema, "Tumeletwa hapa kutazama nini sasa?" na tochi moja ikawashwa. Kadzo alikuwa amesimama mbele na kipaza sauti mkononi, na katika ule mwanga wa tochi nikaona anakishusha polepole. Nikajua nikimwacha asimame hivyo dakika moja zaidi, nimempoteza yeye na mjukuu.

"Zima hiyo tochi!" nikapiga kelele. "Nyota zinavaa nguo!"

Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikaanza kuwasimulia nyota zako. Sikukuuliza ruhusa, nisamehe. Niliwapa wazee wa kamati na mbuzi wa mtu, niliwapa pua ya mwalimu wa dini. Kicheko kikaanza kwa watoto, kikapanda kwa vijana, kikashika wazee. Nikawapa naibu wa chifu, yule asiye na kazi lakini lazima aonekane, na sauti nene ikatoka gizani: "Mzee, nakusikia!"

"Leo huonekani!" mtu akamjibu, na uwanja ukavunjika mbavu.

Nikafika kwa Kilimia, wanawake wa kanisa wanaomteta mwenzao. Karambu mwenyewe, sauti ambayo ingejulikana hata ndani ya pipa, akauliza, "Na huyo aliyechelewa ni nani?"

Wewe hukuwahi kunijibu swali hilo, mama, kwa hiyo nililijibu mwenyewe. "Aliyechelewa ni mgeni," nikasema. "Hakujua njia, na hakuna aliyetoka kumwonyesha."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia majani yakisagika, mtu mzito anainuka, anapita katikati ya watu akiwakanyaga na kuwaomba msamaha, anafika mbele. Kisha Karambu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Mwalimu, sogea. Huo mkeka wako unatosha wawili?"

Upepo ulitoka mlimani baadaye kidogo. Ukungu ukapasuka juu ya mlima, ufa ukapanuka, na zikamwagika. Zote, mama! Uwanja mzima ulitoa sauti moja, kama watu wanaotumbukia maji baridi. Watoto ambao hawajawahi kuziona walinyoosha vidole juu. Kadzo akachukua tena kipaza sauti chake. Aliwaonyesha Kilimia, na jinsi kwao wavuvi na kwetu wakulima wote waliitazama hiyo hiyo. Akaeleza mwanga wake umesafiri muda gani kufika, na mimi nikakaa chini nikajifunza kama wengine. Kila alipotua, Karambu alisema, "Hebu rudia hapo, mwalimu, wale wa ng'ambo hawakusikia."

Tulikula mukimo wa makanisa yote mawili. Wa ng'ambo ulikuwa mtamu zaidi. Ukimwambia Karambu nitakana.

Asubuhi ya Jumapili ndipo nilipoogopa. Pikapu ilisimama langoni na Mutuma akashuka na kamba mkononi. Mlangoni pa Kadzo kulikuwa na masanduku mawili na godoro limekunjwa. Kumbe alikuwa amekwisha kumwita aje kuwahamisha, na mimi nilikuwa nimelala nikiota nimeshinda.

Kadzo akatoka jikoni. Nyuma yake, mama, kulikuwa na Karambu na wanawake watano, wenye vikombe vya chai, katika jiko lile lile ambalo hakuna aliyewahi kuingia kwa ajili yake. Akamtazama mumewe kutoka juu mpaka chini.

"Baba Neema, gari kubwa hivi ni la nini?"

"Si uliniambia nije nichukue vitu?"

"Nilikuambia wiki jana. Leo pakia viazi vya mzee ukauze huko Dallas. Na kila Ijumaa urudi nyumbani, si mwisho wa mwezi."

Wanawake wale walipiga vigelegele mpaka kuku wakahama. Mutuma akanitazama mimi. Mimi nikatazama juu, kama ulivyonifundisha. Kisha tukapakia magunia, na Karambu akiwa ndiye msimamizi, na pikapu ikaenda Embu imeinama nyuma, na masanduku ya Kadzo yakarudi ndani yakibebwa na watu wa kanisa.

Nakuaga kwa adabu zote nilizonazo, ambazo unajua si nyingi.

Mkwe wako,
M'Ikiara, baba Mutuma