Sisimizi Nyuma ya Migomba

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimechoka. Niliandike hilo kwanza, liondoke njiani.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani ni Ekegusii, darasani ni Kiingereza, na kote huko kuna mtu anayesubiri nimjibu. Kwa Kiswahili hakuna anayenisumbua.

Leo Kidato cha Pili, figo. Nimewachorea utando wa seli ubao mzima. Nimewaambia sukari haipiti pale yenyewe, lazima ibebwe. Kuna protini zimesimama kwenye utando, kazi yake ni kupokea upande huu na kutoa upande ule. Figo ikishachuja damu, sukari hutoka pamoja na takataka, halafu protini hizo huidaka na kuirudisha kwenye damu kabla haijaishia kwenye mkojo. Linet wa dawati la mbele akainua mkono: "Madam, hizo protini huwa zinachoka?" Darasa likacheka. Nikamjibu hazichoki, huzidiwa tu. Sukari ikiwa nyingi kuliko wabebaji, inayobaki inamwagika.

Nikatamani kumwambia anayechoka ni mwalimu.

Nimefika nyumbani, magari mawili ya majani chai yamekwama barabarani, matope mpaka magotini. Gibson, mume wangu, alikuwa amekuja kutoka dukani kwake Kisii mjini. Alikuwa amempeleka baba yake kwa daktari. Mzee Zachariah ana kisukari cha siku nyingi, sasa amebadilishiwa dawa. Nikamuuliza Gibson, daktari amesema nini? Hajui! Alikuwa nje, anaongea na mteja kwenye simu. Mzee mwenyewe ndiye aliyeelezwa, tena kwa kirefu.

Basi nikamuuliza mzee. Yaani nilimwomba Mama Bathsheba, mama mkwe, amuulize mzee, na mzee ameketi hapo hapo kwenye benchi ananisikia. Ndiyo chinsoni hiyo. Mke wa mwana na baba mkwe hawashikani mikono. Mimi siingii chumba anacholala, yeye hakanyagi nyumba yangu, na mambo ya mwili hayatajwi baina yetu hata kwa mafumbo. Nimeolewa Gesima miaka yote hii na hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni "mwalimu."

"Mwambie mwalimu ni kidonge kimoja kila asubuhi," mzee alimwambia mkewe.

Ni hayo tu?

"Ni hayo tu." Akageuka akatazama migomba.

Vidonge vimo ndani ya bahasha ya kaki, vimekatwa kutoka kwenye pakiti kubwa, karatasi ya maelezo haipo. Lakini jina nalijua. Ni dawa ya kuzizuia protini zile zile nilizochora asubuhi. Zinazuiwa zisirudishe sukari, inatoka na mkojo. Nimefurahi kidogo, nikasahau miguu inavyoniuma.

Jumapili, 8 Juni

Nilitaka kulala mchana. Mama amekuja kugonga, uso umemshuka. Akaniongoza hadi nyuma ya migomba, pale mzee anapojisaidia haja ndogo kwa sababu choo kiko mbali na mkojo wa sasa haumpi nafasi. Sisimizi! Wamejaa chini ya shina, wanapandana.

Mama aliona hivi mara moja tu, mwaka ule mzee alipopatikana na ugonjwa. Kwa hiyo anaona umezidi, na anataka kumwachisha dawa leo hii.

Nikamweleza polepole. Nikatumia mfano wa watu wa kituo cha kupokea majani chai. Nikamwambia, fikiria wale wanaopakia magunia kwenye lori. Wakizuiwa, magunia yanabaki chini. Sukari ndiyo magunia, damu ndiyo lori, na dawa imewazuia wapakiaji. Hawa sisimizi wanakula sukari ambayo ingemwua mzee. Ukiwaona, ujue dawa inafanya kazi.

Alicheka mpaka akaegemea mgomba. Ameenda kumwambia mzee, nikasikia mzee naye akicheka ndani. Sijui mara ya mwisho kumsikia akicheka ni lini.

Sikulala mchana. Potelea mbali.

Jumamosi, 14 Juni

Kanisani. Mimi nililelewa Mkatoliki kule Nyamarambe, lakini hapa Sabato ni Sabato, na nguo zilizokauka nusu zimebaki kwenye kamba hadi jua litue. Mzee ni mzee wa kanisa. Leo amesimama kutoa ushuhuda kwamba sukari imeshuka. Akasema wana mwalimu pale nyumbani anayejua ndani ya mtu kulivyo. Hakunitazama. Wengine walinigeukia, nami nikatazama viatu vyangu, vina matope.

Nimefurahi. Acha niseme ukweli, nimefurahi sana.

Alhamisi, 19 Juni

Mvua. Karatasi za mtihani zimejaa mezani. Kila asubuhi Mama humchoma mzee kidole, kisha huvuka ua ameshika ile mashine ya kupimia sukari, ndogo kama yai, ili nisome namba. Nasoma, nasema ni nzuri, anarudi akiwa ameridhika. Asante na swali vyote hupitia kwake. Leo nimewaza kwamba mama huyu ni kama zile protini zangu, amesimama mpakani, anapokea huku na kutoa kule. Nikawaza pia kwamba kuna vitu hapitishi. Halafu kengele ya simu ikalia, nikakimbilia shuleni.

Jumamosi, 28 Juni

Juma la maombi linaanza kesho. Kufunga kutwa, jioni kula kidogo, na wazee wa kanisa wamekubaliana wao wataongeza, watakunywa maji tu hadi Jumatano. Mzee ameshasema atafunga na wenzake. Miaka ya nyuma dawa ya zamani ilimzuia, sukari ilikuwa ikimshuka akitetemeka, na alikuwa akiona aibu kula huku Nyangate na wazee wengine wamefunga.

Mama amevuka ua. "Anauliza kama anaweza."

Jua lilikuwa limetua, nami nasahihisha. Macho yananiwasha, shingo imekauka. Nikafikiria hatari ninayoijua, ile ya sukari kushuka. Dawa hii haishushi hivyo. Nikamjibu akinywa maji mengi hakuna shida.

Nikamuuliza tena, daktari hakusema kitu kuhusu kula? Akaenda, akarudi. "Anasema daktari alisema mambo ya daktari."

Nikaendelea kusahihisha.

Jumatatu, 30 Juni

Mzee amefunga. Maji ya moto na maombi. Kidonge asubuhi. Namba nzuri.

Nimechoka hata kuandika.

Jumanne, 1 Julai

Mzee anatapika. Tumbo linamuuma. Hakwenda kwenye maombi ya asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama anadhani ni njaa au homa ya hii baridi. Nikauliza namba. Nzuri! Nzuri kuliko wiki iliyopita.

Nikampigia Gibson. Yeye: "Si sukari iko sawa? Basi ni tumbo tu, ale uji." Mzee amekataa uji, anataka kumaliza na wenzake kesho.

Nikasema afadhali aende hospitali. Mama akanishika mkono, akanipeleka tena nyuma ya migomba. Sisimizi wapo, wengi mno. Akanitazama kama mwanafunzi aliyesoma vizuri. Kama sisimizi wapo, dawa inafanya kazi. Si ndivyo nilivyomfundisha?

Ndivyo nilivyomfundisha. Nimeona kuna kitu hakikai sawa na nimeshindwa kukishika. Kesho nitauliza.

Jumatano, 2 Julai

Mama amenipigia shuleni saa ya chai. Alikuwa ananong'ona. Nilidhani ni mtandao.

Aliniomba nisimwambie Gibson. Tangu jana, mdomo wa mzee unanuka kama wa mtu aliyekunywa. Mzee wa kanisa, hajaonja pombe tangu abatizwe! Nyangate alikuja kumwombea, akainama karibu naye, akasimama haraka akaondoka bila kumaliza. Mama amefunga madirisha ili harufu isitoke. Amekwisha kutafuta chupa chini ya kitanda. Alikuwa analia kwa aibu.

Na anapumua vipi, nikauliza. Kwa haraka, akasema. Kwa nguvu, kama aliyepanda kilima na kikapu cha majani.

Niliketi kwenye ngazi za maabara. Hakuna pombe. Sukari inatoka na mkojo na hakuna nyingine inayoingia, kwa sababu amefunga. Mwili umegeukia mafuta yake wenyewe. Mafuta yakichomwa hivyo, damu inageuka kuwa asidi, na ile harufu ndiyo hiyo. Mashine haitaonyesha kitu, kwa sababu inapima sukari na sukari iko nzuri. Dawa inafanya kazi, ndiyo. Na bado inamwua. Nilisoma haya chuoni! Nilijibu swali lake huku nasahihisha.

Nimempigia Gibson, anakuja kutoka Kisii. Nimempigia Duke, jirani mwenye gari. Nimepanda bodaboda na begi la karatasi za mtihani mgongoni.

*

Bado Jumatano, mchana.

Gari la Duke limeteleza mtaroni pale kituo cha majani. Mama amekimbia kutafuta watu wa kusukuma. Gibson yuko njiani. Nimebaki na mzee peke yangu.

Nimeketi sebuleni kwake, kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa chumba chake. Mlango ni pazia tu. Naandika nyuma ya karatasi ya mtihani ili nibaki kwenye kiti. Nikiacha kuandika nitasimama, na amekwisha kunikataza. Nilipofika nilisema hodi, nikasema nataka kuingia nimwone. "Usiingie, mwalimu. Sina nguo. Kitanda kimelowa." Alisema kwangu moja kwa moja. Hakukuwa na mtu wa kumpa ujumbe.

Nasikia pumzi. Haraka, nzito, haraka.

Nimemuuliza kupitia pazia, nikimwita Tata, yaani baba. "Tata, daktari alikuambia nini siku ile?"

Pumzi tu.

"Tata, lazima nijue. Nitawaambia hospitalini."

Ndipo akasema, neno moja moja, akipumzika katikati. Daktari alimwambia dawa hii itamletea mwasho. Sehemu za siri. Sukari ikipita huko huwasha, ajioshe kila mara, na mwasho umempata kweli, tangu wiki ya pili. Na alimwambia asipokula, au akitapika, aache dawa mara moja na aende hospitali. Yote alielezwa kwa pamoja, katika mazungumzo hayo hayo. Angenieleza lipi aache lipi? Angeanza, mimi ningeuliza, na mwisho tungefika huko.

"Ningekuambiaje, mwanangu?"

Nimelia kidogo, bila sauti, asisikie. Nina hasira naye na nina hasira na mimi, na zaidi ya yote nimechoka na hii "mwambie mwalimu." Mwili wa mtu una milango ya kila namna na sisi tumeifunga yote kwa adabu.

Kidonge cha leo? Amemeza. Asubuhi, kwa maji ya moto.

Amesema ana kiu. Nimemimina maji kikombeni, nikakisukuma chini ya pazia juu ya kigoda, kadiri mkono ulivyofika, uso nimeugeuza ukutani. Nasikia anajaribu. Kitanda kinalia. Kikombe hakijasogea.

Nimempigia Mama. Anahema, anasema bado wanasukuma, watu ni wachache, wengine wako kanisani kwenye maombi. Anauliza, unaingia? Nikasema amenikataza. Akasema anakuja mbio. Kilima chote kile, na umri wake.

Pumzi zimebadilika. Zilikuwa za haraka, sasa inakuja moja, nyingine inakawia.

"Tata?"

Hakuna.

"Tata, unanisikia?"

Kigoda kimeanguka. Maji yanapita chini ya pazia, yanakuja hadi kwenye viatu vyangu.

Na sasa ameniita. Si mwalimu. Amesema, "Celestine." Sikujua kwamba analijua vizuri hivyo, amelitamka lote. "Celestine. Ingia uniinue."

Pumzi zile hazikuniogofya kama hili. Mzee Zachariah Ombui haniiti ndani ya chumba chake ila kama hana njia nyingine.

Gari bado. Naingia