Jina la Babu Kwenye Marejeo

Jette, Brussels

Shangazi Tusajigwe, shikamoo.

Huku baridi imelegea, na unga ulionitumia bado upo. Jana nilitetea tasnifu yangu ya jiolojia, ile ya majivu ya volkano ya mlima wetu.

Sikukuambia nilivyoanza. Profesa mmoja alinishauri niwe nikiokota mawe tu. "Ninyi Waafrika ni hodari wa kupanda milima," alisema, "kuandika tuachieni sisi." Nililia, kisha nikaandika.

Jana huyohuyo akaniuliza mbele ya watu, "Vipimo hivi alikufanyia nani?"

"Nilipima mwenyewe," nikamjibu, "na makala niliyoichapisha kuhusu vipimo hivyo imeshanukuliwa hadi Japani."

Profesa Greta, mwenyekiti wa jopo, akadakia, "Hata mimi nimeinukuu. Umri wa majivu hayo niliukosea, Veronica akanisahihisha."

Makofi yakarindima! Na kwa kuwa hukuwapo, shangazi yangu, kunipigia vigelegele, nikavipiga mwenyewe, Wabelgiji wakabaki midomo wazi.

Sasa atakayeandika habari za majivu yale, hata yule profesa, itambidi amtaje Mwasandube. Jina la babu, shangazi!

Mwanao,
Dkt. Veronica Mwasandube