Mama Spana, Injini Yako Haikuwa na Kosa

Mwaka umetimia tangu utuache, Mama, na bado tuna hasira. Wapo waliotarajia tuandike hapa kwamba tumepoa. Hatujapoa. Tunasema na wewe, lakini wengine nao wasikie, maana lililosemwa siku ya mazishi yako lilisemwa mbele ya umati.

Ulikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa wetu wametua mikononi mwako. Hukuweza kupita mlangoni kwa mtu bila kuuliza, "Mtoto ananyonya?" hata kama mtoto mwenyewe ameshaota ndevu.

Ulipostaafu ukanunua lile gari la zamani kwa wauza vyuma chakavu. Lilikuja likivutwa kwa kamba, na kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa ametaga. Mtaa ukacheka mpaka ukachoka, wakakubandika jina la Mama Spana, nawe ukalipenda. Baba akiulizwa habari za nyumbani alijibu, "Salama, ila nimeletewa mume mwenza."

Injini uliishushia uani kwa mnyororo, ukaifungua yote. Pistoni, ringi, valvu, kila kitu kilikaa kwenye makopo ya maziwa, na ole wake aliyesogeza kopo. Giaboksi ikahamia mezani kwetu, juu ya shuka kuukuu, kwa sababu gia ya pili ilikuwa inachomoka na pale ndipo palipokuwa na mwanga mzuri. Tukawa tunakula tumepakata sahani. Chai ilinuka mafuta ya taa. Tulipolalamika ulisema, "Anayetaka meza asubiri gia ipone."

Siku gari lilipowaka ulituamuru tunyamaze, ukasimama umeinamia injini, unasikiliza. Ulikwenda kunawa, ukarudi umevaa gauni lako la sikukuu, ukatupakia wote, ukatuzungusha mtaani polepole huku ukipiga honi kwenye kila nyumba iliyokucheka.

Na wewe pia tuna neno nawe. Pampu ya maji ilipoanza kuvuja ulimwaga maji yote ya rejeta, ukatuonya gari lisiwashwe mpaka utakapofunga pampu nyingine. Kisha ukasema unakwenda hospitali kupima presha tu. Presha tu, Mama? Wewe, mkunga, uliyeujua ugonjwa wako kwa jina lake? Ulituaga kama mtu anayekwenda dukani, na hukurudi. Hatukupata hata nafasi ya kukushika mkono. Hilo tunalo moyoni, na kukupenda hakutuzuii kulisema.

Lakini hasira yenyewe hasa ni ya kaka yako.

Asubuhi ya mazishi, Mjomba alitoka na ufunguo mkononi. Alitaka gari lako litangulie msafara, na yeye ndiye aliendeshe. Kitinda mimba wako akamkimbilia.

"Mjomba, halina maji. Mama alimwaga maji ya rejeta, pampu ni mbovu."

"Nimeendesha magari hujazaliwa."

"Mjomba, nakuomba. Litaungua."

"Toka njiani, mtoto wewe. Leo ni siku ya kubishana?"

Baba alikuwa ndani amekaa kando ya jeneza, hana habari. Sisi wengine tuliogopa kupayuka mbele ya wageni. Gari likaondoka.

Kwenye kile kilima kabla ya makaburi injini ikaanza kugonga, ikapiga ukelele wa chuma kwa chuma, ikakwama. Msafara wote ukasimama nyuma yake, na wewe ukiwemo. Wanaume wakashuka kulisukuma pembeni. Ndipo Mjomba akabamiza mlango na kusema kwa sauti ya mnadani, "Si niliwaambia? Injini iliyofungwa na mwanamke kwenye meza ya chakula ingefika wapi?"

Na watu wakacheka, Mama. Siku yako. Jeneza lako lipo pale pale.

Tangu hapo neno hilo limezunguka sokoni, saluni, mpaka kwenye kliniki yako. Gari la Mama Spana lilifia njiani. Mwanao wa kiume alirushiana ngumi na mtu kwa ajili yake, na hatukumkanya.

Baba, ambaye hakuwahi kushika spana maishani, ndiye aliyesema tulifungue. Fundi mchonga vyuma aliishika hedi iliyopinda, ule mfuniko wa juu wa injini, akazitazama pistoni zilizoganda, akachunguza beringi ulizofunga kwa mkono wako. "Aliyefunga hii alijua kazi," akasema. "Hii imeuawa kwa joto." Baba alitoka nje, akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Tuliifunga upya. Tulikosea, tukafungua, tukarudia, tukagombana. Giaboksi hatukuigusa. Ni ile ile uliyoifunga wewe, na gia ya pili inaingia kama kisu kwenye siagi.

Wiki iliyopita tuliliendesha mpaka nyumbani kwa Mjomba, kwa kupitia kile kilima. Baba hakuzima injini. Mjomba akatoka, akalitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, siku ile nilipitiwa. Yaishe."

"Siku ile ulisikika kilima kizima," Baba akamjibu. "Leo mbona unaninong'oneza?"

Mjomba akarudi ndani, akafunga geti. Nasi tukaja kuandika haya: gari liliwashwa bila maji, aliyeliwasha alionywa, na injini yako, Mama, haikuwa na kosa.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye kucha zake sasa ni nyeusi kama zilivyokuwa zako, binti yako mkubwa, mwanao wa kiume, kitinda mimba wako, aliyesema ukweli peke yake, wajukuu zako, wakunga wenzako, na kila mtoto uliyempokea. Kaka yako hatukumwandika. Siku atakaposimama mbele ya watu wale wale na kusema kwa sauti ile ile, tutamwandika.

Hutasahaulika kwetu, Mama, wala hatutakubali ukumbukwe kwa uongo.