Bosi Alikuwa Akikuitia Watu

Mama, leo mwaka umetimia tangu siku ile ya Agosti 1987 ulipotoka kwenda kutafuta kuni hapa nyuma ya kijiji chetu cha Zombe na usirudi kwa miguu yako. Tumeshauriwa tuandike maneno matamu. Matamu yapo na tutayasema, lakini tumekaa na hasira mwaka mzima na hatuwezi kujifanya.

Beth Muthoki, mama yetu, ulikuwa mtu wa mkono wazi. Hakuna mwanamke aliyejifungua hapa kwetu ambaye hukumpelekea mzigo wa kuni kabla hajaomba. Kanisani ulipika chai na hukuketi mpaka kila mtu apate. Ukali pia ulikuwa nao. Ukiulizwa kwa nini hununui makaa kama wenzako, ulijibu, "Miguu ninayo, ya nini nikae?"

Bosi, mbwa wako, ulimwokota sokoni akiwa mdogo, sikio moja limeng'atwa na mbwa wakubwa. Ulimfundisha kazi moja tu. Ulirundika kuni kando ya njia, ukaweka juu ile kamba ya ngozi ya kubebea kwa kichwa, ukamwambia, "Kaa na mzigo," kisha ukaingia porini kuongeza nyingine. Mtu akikaribia, Bosi anabweka. Ukirudi, mnagawana ugali uliofunga kwenye kitambaa, na wewe unamsimulia habari za nyumbani kama mtu. Watu walicheka, lakini wote walijua kwamba Bosi akionekana kwenye mzigo, Mama Nthenya, kama walivyokuita, yuko karibu na hana neno.

Kujua huko ndiko kulikokuua, Mama. Asubuhi ile ukingo wa korongo ulibomoka ukaanguka nao, hatua thelathini hivi kutoka kwa mzigo. Nyonga ilivunjika. Daktari alituambia hukufa papo hapo. Ulikuwa hai mpaka alasiri.

Saa nne alipita Mutie, mchuuzi wa mbuzi. Alisimulia mwenyewe matangani, chai mkononi: "Nilimwona mbwa, nikasema mama anakata kuni hapo. Akanibwekea, akanifuata mpaka mtoni. Nikamrushia jiwe." Bosi hakuwahi kuacha mzigo hata siku moja. Siku hiyo aliuacha akamfuata mtu, naye akapigwa jiwe. Mutie, mbuzi wako akilia unajua kama ana kiu au ameumia. Huyu ulishindwaje kumsikia?

Saa sita alipita Mzee Ndolo, wa kanisani kwetu. Alisalimia vichaka, "Mama Nthenya, kazi njema." Hakujibiwa, akaenda zake. Mzee, tunakuheshimu, lakini tangu lini mama yetu akaacha salamu bila kuitikia?

Jioni alikuja mdogo wetu Kisilu kukutazama. Alikuwa na siku mbili tu tangu atoke Emali anakopakia malori, na hakuijua desturi yenu ya mzigo. Aliona mbwa anayelia akamfuata. Alikukuta bado una joto.

Halafu siku ya mazishi, Mjomba Mutunga akachukua panga. "Mbwa gani anachunga kuni na mwenyewe anakufa? Huyu ni mkosi, auawe." Na wale waliopita njia siku ile wakaitikia kwa kichwa. Kisilu alisimama mbele ya Bosi, akasema waanze na yeye. Wiki hii Mjomba na wenzake wametuma ujumbe kwamba mbwa asionekane kwenye maombi ya leo. Tumekataa. Atalala hapo mlangoni, na asiyependa akale kwake.

Mama, kuna jambo ambalo hatujalisema mbele ya watu, na mimi Nthenya, kifungua mimba wako, naliandika kwa mkono wangu. Saa nane nilipita pale nikitoka kusagisha, unga kichwani. Bosi alinijia, akanishika leso kwa meno akaivuta mpaka ikapasuka. Nilimpiga teke. Nikapaza sauti ili unisikie: "Mama, mbwa wako ameniharibia leso." Kisha nikaenda nyumbani kupika.

Sijui kama ulinisikia. Mutie alikuwa mpita njia, Mzee Ndolo alikuwa jirani, mimi nilikuwa mtoto wako. Kwa hiyo Mjomba, na wote mnaotafuta wa kulaumiwa, mwacheni mbwa. Alifanya kazi ya watu watatu na sisi watatu tukamwangusha. Mkija na panga, mniulize mimi.

Unakumbukwa na mumeo Nzomo, watoto wako Nthenya, Musyoka na Kisilu, mkaza mwanao Mumbua, wajukuu wako wote, na Bosi, ambaye hadi leo hakubali mtu apite ile njia bila kumfuata akibweka.

Siku zetu zote tutakukumbuka, Mama. Tusamehe.