Zoezi Lile Lilikuwa Lako, Mama Neema

Mama Neema mke wangu,

Mimi si mtu wa kuandika, unajua. Shule niliishia darasa la nne. Ila jana timu ilifunga goli mbili, nikarudi nyumbani nikakuta mlango uko vilevile nilivyoufunga mwenyewe. Hamna wa kumwambia. Nakuambia wewe.

Unakumbuka pale kwenye tanuru, hapa Mkiwa, tunapakia tofali kwenye lori? Mimi natoa, nakurushia. Wewe unadaka huku unatembea, unampa aliye juu. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nikarusha pale uliposimama, kumbe umeshaondoka. Tofali likakupiga kisigino.

"We mwanaume, una macho?"

"Si ulikuwa hapo!"

"Nilikuwa. Mimi natembea, Baba Neema. Rusha ninapofika, usirushe nilipotoka."

Ulichechemea siku tatu. Wenzetu wakanitania, eti nimeshindwa kukuacha kwa maneno, sasa nakuacha kwa tofali. Ulicheka kuliko wote.

Wakati ule timu yetu haifungi. Mimi ndiye kocha kwa sababu hamna mwingine aliyetaka. Mazoezi yangu ya kushambulia yalikuwa mstari mmoja: mtu anapokea mpira amesimama, anapiga golini. Beki hamna. Siku ya mechi mpira ukifika mguuni, beki naye keshafika.

Baada ya lile tofali nikabadilisha. Nikachomeka mabua ya mtama uwanjani. Nikamwambia mchezaji wa katikati, toa mpira kabla winga wa pembeni hajafika kwenye bua, yeye akimbie aukute. Mshambuliaji achelewe kidogo, asiwahi golini akasimama kama mti. Nikaweka mabeki wawili wawasumbue kweli. Wiki ya kwanza mipira yote iliishia kwenye alizeti za watu. Wiki ya pili ikaanza kufika miguuni.

Watu wakanisifu. Wewe ulikuwa pembeni, umekaa juu ya ndoo. Wakauliza, kocha, hii umeitoa wapi? Nikasema nimefikiria mwenyewe. Ukaniangalia. Nyumbani nikangoja unigombeze. Ukaniuliza tu, "Mlenda nikuongezee?"

Ulivyofariki niliacha timu. Msimu mzima. Nikitoka kibaruani nalala na viatu. Neema wetu alipiga simu kutoka Itigi kwa mume wake, nikamwambia niko salama. Uongo. Mwishoni wachezaji wakaja wenyewe, wakanitoa ndani. Wakasema wameshindwa kufunga tena. Nikachomeka mabua, tukaanza upya.

Jana goli zote mbili zilikuwa zoezi lile. Mpira unatangulia, mtu anaukuta. Wakanibeba juu. Kapteni akauliza, "Kocha, hivi hii kitu ulijifunzia wapi?"

Nikasema ukweli. "Kwa mke wangu. Alinifundisha kwenye kurusha tofali."

Wakanishusha. Kapteni akanishika bega. "Pole kocha. Tunajua unamkumbuka."

"Sijasema namkumbuka. Nimesema ni yeye."

"Ndiyo kocha. Pole sana."

Hawaamini, Mama Neema. Wanaona ni msiba unaongea. Ulipokuwa hai ningesema mara moja tu, wangekugeukia pale kwenye ndoo, na wewe ungewapa maneno yako wakakoma. Sikusema. Niliona aibu kufundishwa mpira na mke. Sasa nasema, napewa pole.

Barua hii nampa kapteni aisome kwa sauti Jumanne, kabla hatujaanza mazoezi. Wote wasikie. Nimeandika mambo yote, tanuru, lori, kisigino, wasiseme nimechanganyikiwa. Wakinipa pole tena, nitawaambia hiyo pole ipelekeni kwa mwenye zoezi, mie nilishachelewa kumtaja.

Pumzika, mke wangu. Nisamehe.

Mume wako,
Baba Neema