Chuma cha Kupoza Diski Yako

Baba Baraka,

Sijui barua ya mtu kama wewe inaanzwa aje. Pale juu pa anwani nimeacha wazi. Sisi tuko. Baraka anaota meno ya nyuma, amekuwa mkali, anauma kila kitu hadi sikio langu. Mimi bado niko pale saluni, narudi Munyaka jioni vidole vimekufa ganzi. Lakini si hayo yamenikalisha chini. Nataka kukuambia habari ya mashine yako, kwa sababu kuna kitu nimeshindwa kuelewa, na wewe ndiye nilikuwa nauliza.

Siku tulipokuzika, Wafula ndiye alichukua video. Nani tena, na mlikuwa mkizunguka na kamera pamoja kila wikendi? Alishoot akilia, kwa hivyo mahali pengine picha inatingika. Aliporudi akaweka kila kitu kwa kompyuta yako, maana kompyuta yake ni ya zamani na imejaa. Halafu kadi za kamera akaenda nazo kwa harusi huko Soy, akarekodi juu ya hiyo video. Simlaumu. Hata mimi ningeona kitu kikishaingia kwa mashine yako kimefika nyumbani.

Hiyo video si mimi niliitaka. Ni Lilian. Dada yako hakupewa ruhusa ya kuja, yule mama wa huko Uarabuni aliyemwajiri aliuliza watoto wake wataachiwa nani. Na hadi juzi alikuwa anatuma meseji kwa simu yako. Si kwangu, kwako. "Okello, umekula?" Simu inalia ndani ya kabati, Baraka anakimbia akisema "Baba! Baba!" Nikamwambia Lilian polepole, lakini nikamwambia, hiyo mambo iishe, unanichanganyia mtoto. Akanijibu, "Mama Baraka, wewe ulimwona akiingia. Mimi sikuona kitu. Kwangu mimi amenyamaza tu."

Nikamwahidi nitamtumia, hasa ile faili moja ndefu ya kaburini.

Hapo ndipo shida ilianza. Naweka flashi, nanakili, inaenda vizuri. Ikifika katikati inaanza kutambaa, halafu diski inapotea. Si faili, diski yako yote ya video. Kompyuta inawaka, inaniangalia, kama haijawahi kuwa nayo. Nazima, nangoja, nawasha, iko. Nikijaribu tena, inapotelea karibu palepale. Fundi mmoja wa town akataka nimwachie mashine siku kadhaa, nikakataa. Hiyo haitoki kwa mkono wangu.

Nilipomwambia Mama yako kwa simu akashusha pumzi. "Achana nayo, mwanangu. Pengine hataki kuonekana akiwa hivyo." Nikamwambia hapana, Mama, Okello hajawahi kumnyima Lilian kitu. Nilisema kwa nguvu. Lakini nilipokata simu nikaangalia hiyo mashine, na nikaogopa kidogo.

Wafula akaja akafungua ubavu wa mashine, akagusa diski na kidole, akakitoa haraka. "Shemeji, hii inachemka."

Mimi nikacheka. Eldoret hii? Nilikuwa nimevaa sweta mbili na soksi zako. Akasema diski haijui kama nje kuna baridi, ikipewa kazi ndefu inajipikia joto lake yenyewe, na likizidi inajizima isiungue. Akauliza kama ulikuwa unaitumia ikiwa imefungwa. Ndio nikakumbuka. Wewe ulikuwa unaiacha ubavu wazi, feni ya mezani imeelekezwa ndani, unasema iachwe ipumue. Miaka hiyo yote nilidhani umepoteza skrubu. Baada ya mazishi mimi ndiye niliifunga, kwa sababu ya vidole vya Baraka, halafu nikaifunika kitambaa kile cha maua, cha kushona, ikakaa kwa heshima. Kumbe naifungia joto.

Basi Wafula akasema, kwa vile mtoto yuko na haiwezi kukaa wazi, ninunue kile chuma cha kuweka juu ya diski, wanakiita hitsinki. Nikaenda town nikiwa na Baraka mgongoni. Mwenye duka, mama mmoja Msomali, akanipima na macho. "Mama, hii vijana wananunua ya kucheza game. Wewe unacheza game gani?" Nikamwambia ni ya mashine ya marehemu. Akarudisha kile alikuwa ameshika, akanitolea kingine chenye meno marefu kama kitana, akasema nihakikishe tu ubavu wa kompyuta utafunga.

Nilikifunga mwenyewe, Jumapili mchana, Baraka amelala, na ile bisibisi yako ndogo. Diski yenyewe ilinishangaza, nyembamba hivi, kama chingamu ya bapa. Huo uzito wote wa watu na harusi zao na matanga yao umelala hapo. Katikati ya diski na chuma kunakaa utepe mlaini wa kupitisha joto, nikauweka vizuri, nikakaza skrubu, nikawasha.

Ikaenda. Ikatambaa. Ikapotea.

Nikashika chuma, ni baridi kabisa. Hapo ndipo akili iliisha. Kama imepoa, inapotea kwa nini? Nikampigia Wafula nikamwambia chuma chake ni uongo mtupu, na pengine Mama alisema ukweli.

Akaja, akafungua, akaanza kucheka hadi akakaa chini. "Mama Baraka! Hii si rimoti!"

Nilikuwa nimeacha nailoni. Ule utepe una nailoni ya samawati juu na chini, na mimi sikuitoa, nilidhani ni ya kuukinga usichafuke. Si unajua nyumba yetu. Rimoti iko na nailoni tangu duka, na ulikuwa unanitania nayo kila jioni. Wafula akasema chuma kikiwa baridi ujue joto limekwama kwa diski. Lazima chuma kipate moto ndio diski ipoe. Alirudia, nikaitikia, na sikuwa nimeelewa. Halafu nikafikiria Baraka akiwa na homa, na mtu anamwekea kitambaa cha maji juu ya sweta. Hapo ikaingia. Kidogo. Bado kuna mahali nagoma: kitu cha kupoza, halafu tunafurahi kikichemka.

Akabandua nailoni pande zote mbili. Ile karatasi ya maandishi juu ya diski akasema hiyo nisiguse. Tukafunga, nikaweka kidole kwa chuma vile ninavyomgusa Baraka kwa paji la uso. Kikaanza kupata joto, polepole, kikazidi. Faili ikafika katikati. Ikapita. Wafula akatoka nje akajifanya ana simu ya kupiga.

Niliitazama kabla ya kuituma. Watu huniambia, "Siku ile ulijikaza sana." Mimi sikumbuki kitu. Nikaona mwanamke wa kitambaa cheusi anachota mchanga, anarusha, anabaki amesimama mkono uko hewani hadi mtu anaushusha. Nilimwonea huruma kabla sijajua ni mimi.

Nikaituma. Kesho yake Lilian akapiga. Alilia kwanza, kile kilio sisi tulimaliza pale nyumbani na yeye akiwa anaosha vyombo vya watu. Nikamwacha. Akapenga kamasi, akasema, "Mama Baraka, kwani siku hiyo hakuna mtu alikuangalia miguu?"

Nikafungua tena. Kiatu kimoja cheusi. Kingine kahawia, kina kifungo cha chuma! Watu wote wale, pasta, wamama wa kikundi, ndugu zako, na hakuna mmoja aliniambia. Tulicheka hadi mwajiri wake akaja kuuliza kuna nini. "Okello angekutangazia kwa maikrofoni," akasema. Nikajua amekuacha uende.

Tangu hapo hajakutumia meseji. Ndivyo nilitaka, si ndio? Mtoto ametulia. Na mimi, nikiwa nafua, najikuta nasikiliza kabati. Sasa hakuna mtu duniani anakuuliza kama umekula. Sijui kama nimefanya vizuri, Baba Baraka. Ungekuwa hapa ningekuuliza.

Lilian akimaliza mkataba nitampokea mwenyewe. Nitamleta kaburini kwako kwanza, kabla hajaingia kwa Mama, kabla hajaonja hata chai, kama inavyotakiwa kwa mtu aliyekosa mazishi. Atalia mpaka achoke na sitamharakisha, na mtu akimharakisha atanijua. Baraka nitamshika mimi.

Lala basi.

Mama Baraka