Mnyauko Kwenye Mbaazi za Mapema

Jumatatu, 12 Januari 2026
Asubuhi ya mawingu, upepo baridi, mvua hakuna. Mbaazi zetu za majaribio zimetoa maua shamba zima — za majirani bado ni majani matupu! Misimu sita ya kuchagua mbegu, hatimaye aina hii imetulia. Mama Kalunde, mwenye shamba, anasema mvua ijayo kila mama wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana, ataipanda, auze mbichi Machakos kabla bei haijaanguka. Mmea mmoja pembeni umelegea. Ni jua tu, alisema. Jua gani, na mawingu haya?

Jumatano, 14 Januari
Joto. Sasa safu nzima ya pembeni imelegea. Nimepasua shina kwa kisu: ndani jeusi, kutoka mizizini kupanda juu. Mnyauko, ugonjwa unaokaa udongoni. Lakini udongo huu tuliupima kabla ya kupanda, ukawa safi!

Ijumaa, 16 Januari
Nimejua. Novemba sikutaka vibarua, nikaita mwethya, wamama walime kwa zamu yao. Walikuja moja kwa moja kutoka kwa Mumbua, ambaye mbaazi zake zilikauka zote mwaka jana. Majembe yao yalikuwa yamejaa udongo wa kwake. Walianzia pembeni, wakiimba. Nami nikapiga makofi.
Nimempigia Daktari Kitonga, mkuu wangu kituo cha utafiti. Akasema: ng'oa zote, choma, wakulima wasiambiwe bado.
Sijang'oa.

Jumapili, 18 Januari
Mawingu tena. Baada ya ibada Mama Kalunde alinishika mkono. Mwiitu wakwa, binti yangu, mbona unapasuapasua mbaazi zangu? Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia ni ugonjwa unaotembea na udongo, waoshe majembe kila wakitoka shamba moja kwenda lingine. Akacheka: maji ya kunywa tunanunua, tuoshe jembe? Kisha kicheko kikakatika.
"Siku ile tulitoka kwa Mumbua."
Sikusema kosa ni langu, niliyewafungulia lango bila kuangalia majembe.
Kesho ni zamu ya Mumbua kupaliliwa. Mjane, hana mkono mwingine.
Jioni Mama Kalunde ameandika kwenye WhatsApp ya mwethya: kesho kwa Mumbua hakuna kwenda. Sababu hakutoa. Wamama wakajibu mmoja mmoja — sawa, sawa, sawa.
Halafu Mumbua mwenyewe: "Na nimeshaloweka mahindi ya muthokoi ya watu wote. Kuna nini?"
Wote wamesoma. Nimeandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta.
Ni saa saba usiku; nalala bila kutuma chochote.